Mkaaji wa Baraka

Baraka, Jumanne jioni, Septemba 2024. Mwaka wa ishirini na sita tangu niteremke.

Mwanangu Apendeki,

Nimeandika "niteremke" kwa sababu ndivyo tunavyosema sisi wa kule juu. Wengine wanasema walikimbia vita. Sisi tuliteremka, kana kwamba tulikuwa tunaenda sokoni, na mtu aliyeteremka sokoni hupanda tena akishauza. Ndiyo maana hujawahi kunisikia nikisema nimehama. Nikitoka mlangoni na kugeukia upande jua linakotua, naona mgongo wa milima yetu. Mvua ikishasafisha hewa naona hata pale msitu unapokatika kabla ya Bibokoboko, na kijiji chetu kiko nyuma ya pale. Mtu mwenye miguu mizuri akitoka hapa alfajiri anaingia kijijini kabla ya giza. Wenzangu waliovuka ziwa wamepata nafuu ambayo mimi sijaipata: kwao hawapaoni. Mimi napaona kila asubuhi nikipiga mswaki.

Kwaya inakuimbia nyimbo za kuagana kanisani, na sauti zinafika mpaka hapa mezani. Begi lako limesimama karibu na mlango, zipu imefungwa nusu. Naijua maana ya hiyo nusu. Jana uliniomba neno moja, ukasema ukilisikia utapanda pikipiki kesho, na usipolisikia utalifungua begi na kurudisha nguo zako kambani. Nimefundisha watoto kusoma karibu maisha yangu yote, na jana mdomo wangu haukuweza kutoa neno lenye silabi nne. Kwa hiyo naandika.

Sitakuandikia mambo ya safari. Umezoea boti kuliko mimi, na Mzee Ramazani, mwenye shamba na boti, amekwisha kusema kwamba yake inaondoka bandarini Kazimia ikijaa, haiondoki kwa saa. Wala sitakuambia namna ya kukaa na watu wa Kalemie unakokwenda. Umechoma sindano za chanjo kutoka hapa hadi Swima, umeshika mikono ya wanawake wengi kuliko idadi ya watu ninaowajua kwa majina. Nataka kukuandikia juu ya kungoja, jambo ambalo nimelifanya vizuri mno.

Ulikuwa na miaka minane tulipoteremka. Ulibeba kuku mmoja na kamusi yangu ya Kifaransa, nami nilikubeba wewe pale mtoni. Mzee Ramazani alitupa pembe ya shamba lake, ile iliyo nyuma ya nyumba, na sharti alilotupa ni lile wanalopewa wageni wote: mihogo na maharage sawa, miti hapana. Mti unamfanya mgeni awe mwenye mahali. Sikuona ubaya. Mihogo ilinitosha, maana niliona hata mihogo yenyewe tutaiacha ardhini.

Ulipopita msimu wa mvua wa sita au wa saba, alikuja mwenyewe, kanzu ameikunja mkononi isishike tope.

"Mwalimu, panda hata mingazi mbili pale pembeni. Upate mawese yako. Mi mwenyewe nakuruhusu."

"Asante, Mzee. Lakini sisi ni batu ba kurudia kwetu."

"Kurudia lini?"

"Kiangazi hiki."

Alitazama mihogo, akanitazama mimi. "Mungazi hauna haraka," akasema. "Na we pia, naona hauna haraka."

Nilidhani ananitania. Leo ile michikichi ingekuwa mirefu kuliko nyumba, na wewe usingekuwa unanunua mawese kwa kijiko kwa jirani yetu Mama Zabibu.

Shuleni nilifanya vilevile. Mkurugenzi wa shule ya hapa alitaka kuniandika mwalimu kamili. Ilibidi niweke sahihi kwamba naacha nafasi yangu ya kule juu, kwenye shule ambayo wakati huo ilikuwa haina tena paa. Nilikataa. Nilisema watoto wangu wananingoja. Nikawa mwalimu wa kushika nafasi: mwenzangu akiugua naingia, akipona natoka. Nimefundisha darasa la tano nusu tu kwa miaka hii yote. Naijua mitihani ya Machi, ile ya Juni siijui.

Na mama yako alipofariki, mafundi waliniuliza kuhusu saruji ya kaburi. Nikawaambia hapana, acheni udongo, tutamchukua. Wewe ulikuwa umesimama hapo. Sijui mtoto wa umri ule anaelewaje kwamba hata mama yake amelazwa kwa muda.

Nakukumbusha haya si kwa sababu huyajui. Nakukumbusha ili uone yote yalikuwa kitu kimoja, maana mimi mwenyewe nilichelewa kukiona. Niliyaona kama heshima: huku heshima ya shamba, kule ya kazi, kule ya kaburi. Kumbe nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha magari, na nilikuwa nimekuweka na wewe hapo hapo.

Wewe ndiye uliyenyanyuka kwanza. Ulikuwa umekwisha pita miaka ishirini na minane, ukiwa muuguzi wa daraja la chini kwenye kituo cha afya, na kila aliyekuja kukuongoza alikuwa amesoma zaidi yako na kujua kazi kidogo kuliko wewe. Ukaja na simu yako yenye kioo kilichopasuka, ukaketi pale kwenye ngazi ya mlango.

"Papa, iko chuo kimoja cha ku mtandao. Afya ya jamii. Ada yake naweza, kidogo kidogo, na ndagala zangu, hizi samaki ndogo nakaanga na kuuzisha."

"Miaka mingapi?"

"Mine. Labda mitano, sababu ya kazi."

"Miaka mine! Tutakuwa tumesharudia."

Ulicheka, Apendeki. Hukukasirika hata kidogo. "Basi simu itapanda mulima na mi. Si ndio uzuri wake? Kile chuo hakiulize uko wapi. Kinauliza tu kama umesoma."

Halafu swali la kwanza ambalo chuo kiliuliza likawa hilo hilo. Adresi ya kudumu. Ukainua kichwa.

"Niandike Baraka?"

"Andika kwetu."

"Kwetu ni wapi?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza mimi hilo?"

Uliandika kijiji. Uliandika kwa sababu mimi ni baba yako na nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lako. Baada ya wiki wakaomba hati ya shefu, yaani mkuu wa mahali hapo, kuthibitisha kwamba unakaa. Ukaniambia, "Papa, kule juu hakuna shefu. Hakuna hata muntu. Nani atapiga muhuri, nyani?" Na shefu wa mtaa wetu hapa alikuwa tayari kukupa atestasio ya ukaaji siku hiyo hiyo. Lakini neno lile, mkaaji, lilinichoma. Nilikuomba uningoje, nikapanda gari la mizigo mpaka Fizi kumtafuta shefu wetu wa zamani.

Nilimkuta amezeeka kuliko mimi, anakaa kwenye chumba cha kukodi nyuma ya duka. Muhuri wa kijiji alikuwa nao bado, ameufunga kwa kitambaa ndani ya kopo la maziwa. Tulifurahi kama watoto. Aliuliza, "Tunarudia, sivyo?" nikamjibu, "Tunarudia." Akaandika hati kwa mwandiko mzuri wa zamani, akatema mate kidogo kwenye sifongo la wino, akapiga muhuri kwa nguvu zake zote. Wino ulikuwa umekauka. Karatasi ilibonyea tu. Ukiishika kwenye mwanga na kuinamisha kidogo unaona duara, unaona hata herufi za jina la kijiji. Ukiilaza mezani huoni kitu.

Nilikuletea karatasi ile nikiwa nimeinyoosha ndani ya kitabu. Ukaipiga picha mara nyingi, huku na kule, asubuhi na jioni, ukitafuta mwanga wa kuonyesha duara. Picha zote zilitoka nyeupe. Chuo kilijibu kwa adabu kwamba hakioni muhuri. Mlango wa mwaka ule ukafungwa, ukangoja mwingine, na safari hiyo ulikwenda kwa shefu wa mtaa bila kuniuliza adresi. Ulifanya vizuri. Hukunieleza kwa ukali, wala kwa upole wa kuniaibisha. Ulisema tu, "Nimeshaandikishwa, Papa," ukaniomba nikusaidie maneno magumu.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa mizuri kwangu hapa chini, na sikuwahi kukuambia. Ulikuwa unatoka zamu Swima, unapita pale juu ya kanisa ambapo rezo ya simu inashika, unanunua mega za mtandao, unavuta masomo ya wiki nzima mpaka simu inapata moto. Jioni unanisomea kwa sauti wakati mihogo inaiva. Tuliteremka mlimani na kamusi, nami nikiona ni mzigo wa mwalimu mwenye kiburi, na hapo ndipo ilipopata kazi. Tulibishana wiki nzima juu ya tofauti ya hatari na uwezekano wa hatari. Ulinieleza kipindupindu kinavyotembea kutoka bomba moja hadi mtaa, ukichora kwa mkaa kwenye sakafu, na mimi niliyewahi kuwa na ubao na chaki nikawa mwanafunzi wa nyuma anayeuliza maswali ya kijinga.

Unakumbuka mtihani wa kwanza wa kamera? Sheria ilikuwa mtu awe peke yake chumbani, kimya. Nyumba ya mbao, kuku, kwaya, ziwa! Ukaniweka mlangoni niwe mlinzi. Sikumwona Mama Zabibu akija kwa nyuma.

"Apendeki! We Apendeki! Uko na chumvi?"

Nikampungia mikono.

"Mwalimu, mbona unapunga hivyo kama muntu anafukuza kuku?"

"Yuko kwenye mtihani," nikanong'ona.

"Mutihani gani ku nyumba? Mwalimu wake iko wapi?"

"Yuko ndani ya simu."

"Aa! Basi tumusalimie!" Kabla sijamshika alikuwa ameshaingiza kichwa dirishani, kitambaa na vyote. "Jambo, Mwalimu! Huyu mutoto ana akili sana, usimusumbue!"

Watu wa chuo wakaandika kwamba chumbani kuna watu wawili, na ilibidi uwaeleze dirisha letu ni la namna gani. Tulicheka mpaka chakula kikaungua. Siku ile, kwa mara ya kwanza, sikutazama mlima tangu asubuhi hadi nilipolala. Kesho yake niliona aibu, kana kwamba nimemsahau mgonjwa.

Labda ni aibu hiyo iliyonifanya nitoke kiangazi cha mwaka jana. Umeniuliza mara nyingi nilikuwa nawaza nini. Hapakuwa na mawazo, Apendeki. Kulikuwa na hewa safi, mlima ulikuwa karibu sana, na niliona kwamba nikingoja tena hata kidogo nitakufa nikiwa bado nangoja. Nikachukua fimbo na mkate. Sikukuachia neno kwa sababu ungenizuia, na kwa sababu nilijua ungekuwa sawa kunizuia.

Njia inapoanza kupanda nilikuta kamba imevutwa kutoka mti hadi mti, na vijana watatu na bunduki zao.

"Muzee, unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

Wakacheka. Si vibaya sana, walicheka kama watu wanaochoshwa na siku ndefu. Mmoja wao, mwenye sauti ambayo ilikuwa haijamaliza kuvunjika, alikuja karibu akaniangalia viatu. "Kule juu hakuna nyumba, Muzee. Iko majani tu. Wenzetu ba ng'ambo ile wakikuona, hawatakuuliza kama sisi. We kama unatafuta kufa, enda ufie kwenu, kule chini."

Kwenu, kule chini. Mtu wa kwanza kuniita mwenyeji wa Baraka alikuwa mtoto mwenye bunduki.

Waliniketisha juani mpaka alasiri, kisha wakanigeuza. Ulinikuta barabarani, miguu imevimba, nimevua viatu. Ulinivisha kandambili zako, ukatembea pekupeku. Tulipofika nyumbani ndipo nilipoona simu yako mezani, imezimika, na nikakumbuka ile ilikuwa siku ya mtihani wako. Mlango wake ulikuwa umefunguliwa na kufungwa wakati wewe ukiuliza watu barabarani kama wameona mzee mwenye fimbo. Ulingoja nusu mwaka kuurudia.

Kwa hiyo nakuelewa kwa nini unaogopa kesho. Chuo kimekubali mazoezi yako ya mwisho yafanyike kwenye hospitali kule Kalemie, na baada yake kuna kazi. Usipofika Jumatatu, nafasi inapewa mwingine, na bila mazoezi hayo hakuna digrii. Unataka kwenda. Nimekuona ukipiga pasi lile vazi jeupe mara mbili. Unachoogopa ni kwamba ukishavuka Kazimia, hewa itakuwa safi asubuhi moja, na mimi nitachukua fimbo, na safari hii hakuna wa kuniuliza barabarani.

Jana ulikuwa na haki ya kupiga kelele, na hukupiga.

"Papa, mi sikuombe uache kupenda kule. Sema tu neno moja. Sema, sitarudi. Ukisema, naenda."

"Na nisiposema?"

"Nabaki nakuchunga. Digrii itangoja. Si umenifundisha kungoja?"

Nadhani hukukusudia hilo la mwisho liume hivyo. Uliinuka haraka ukaenda kuteka maji ambayo tulikuwa nayo.

Nilikaa na swali lako usiku na asubuhi. Niliona kwamba mimi nimebanwa kati ya ziwa na mlima, hilo nimelizoea, lakini wewe umebanwa na mimi. Barabara ya Kazimia iko wazi. Boti ipo. Chuo kinakungoja bila kujali wewe ni wa juu au wa chini. Kizuizi chako ni mzee mmoja na kiangazi chake kijacho.

Basi leo, ulipokuwa sokoni, nilikwenda kwa shefu wa mtaa. Ofisi ilikuwa imejaa. Aliponiona akasema kwa sauti, wote wasikie:

"Mwalimu! Leo unamushitaki nani?"

"Nimekuja kuchukua atestasio ya ukaaji."

"Ya Apendeki? Si nilishamupa zamani!"

"Ya kwangu."

Akavua miwani. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa mupita njia? Na hiyo njia ilikuwa ya kwenda wapi, maana kila asubuhi nakuona pale pale na muswaki wako!"

Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka, na ndani ya kicheko nilihisi kitu kikiniteremka kifuani ambacho sitaki kukipa jina zuri. Haikuwa raha. Kisha akachukua kalamu, akauliza kwa sauti ya chini kama daktari: "Niandike unakaa hapa tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu leo. Nikasema, "Tangu siku niliyoteremka." Akaandika. Akapiga muhuri mara moja tu, bila nguvu, na wino ulikuwa mwingi hata ukanishika kidole gumba. Nimenawa mara mbili, bado ni cha buluu.

Nimeiweka hati hiyo ndani ya kamusi, na kamusi nimeitia ndani ya begi lako, chini ya vazi jeupe. Sina mtu mwingine wa kunisomea jioni, na kamusi haina tena kazi hapa. Ile ya Fizi, yenye muhuri mkavu, nimebaki nayo.

Ukifika Kalemie, mtu akikuuliza unakaa wapi, mtajie mtaa na nyumba ya Kalemie. Usiseme uko pale kwa muda. Nunua godoro zuri. Ukipewa mahali pa kupanda mti, panda, hata kama utauacha. Kama utapenda kubaki huko, baki, na usinieleze sababu.

Usidhani nimefunguka. Kesho asubuhi nitatoka na mswaki, mlima utakuwa pale pale, nami nitautazama, kwa sababu shingo yangu haijui kugeukia upande mwingine. Nimemwambia fundi aje baada ya mvua ya kwanza kutia saruji kwa mama yako. Mzee Ramazani nimemuuliza kuhusu ile pembe ya shamba, akasema, "Sasa we umezeeka, utakula lini hayo mawese?" kisha akaenda kunitafutia miche.

Kwaya imenyamaza. Nasikia unaagana na Mama Zabibu barabarani, naye anakuambia umletee kitenge cha Kalemie. Barua hii nitaiweka juu ya begi, kwa sababu nikikupa mkononi utanitaka niseme, nami nitanyamaza tena. Isome, kisha ufunge zipu yote.

Neno uliloniomba ni hili, na naliandika nikiwa na akili zangu zote.

Kule juu, mimi sitarudi.